Mafuta ya mmea na moyo

Hapa Mombasa, kuanzia Kongowea hadi Mji wa Kale, husemwa hivi: mafuta ya mmea hayana kolesteroli, ile nta inayozunguka damuni, basi hayadhuru moyo. Nusu yake ni kweli. Mimea haina kolesteroli ya kutajika. Ila kolesteroli nyingi iliyo damuni hutengenezwa na ini letu wenyewe, na mafuta yenye tabia ya kuganda hulifanya ini lishindwe kuiondoa vizuri ile kolesteroli mbaya, inayodhuru mishipa. Hubaki ikizunguka, ikijipenyeza kwenye kuta za mishipa mwaka baada ya mwaka, bila maumivu yoyote.

Tazama chupa ya mafuta ya nazi asubuhi ya kipupwe, mwezi wa Julai: yameganda, meupe pe. Zaidi ya asilimia 80 yake ni mafuta ya aina hiyo. Ya mawese ni karibu nusu. Ya alizeti na ya ufuta yana kiasi kidogo tu cha mafuta hayo, na hubaki majimaji.

Simwambii mtu aache wali wa nazi, chakula cha mama zetu. Lakini kasimile, lile tui zito la nazi, kila siku, juu yake viazi karai vya kukaangwa mafutani jioni, ni mzigo. Mimi ningeanza na karai: mafuta ya kupikia nyumbani ndiyo rahisi kubadilisha.