Hakukupuuza, hakukutambua

Mwenye upofu wa nyuso akikupita sokoni bila salamu, watu husema anaringa, au macho yake mabovu. Sivyo. Yeye huona macho, pua na mdomo vizuri; kinachokwama ni ubongo kuviunganisha kuwa sura ya mtu fulani. Miwani haisaidii. Hali hii hutokea zaidi kwa wenye usonji (autism), ingawa si wote, wala si wao tu: Jane Goodall, mtafiti wa sokwe wa Gombe, alikuwa nayo.

Wengi wao humtambua mtu kwa sauti, mwendo, nywele. Ndiyo maana jirani aliyekuwa na rasta, akinyoa tu, anageuka mgeni. Ukimkaribia mwenye hali hii, jitaje na mahali: "Shikamoo mama, ni Asha wa duka la dawa." Ila ule mchezo wa "haya, mimi nani?" uache, atabahatisha, akosee, aaibike.