Kreatinini "iko sawa": yanayosemwa kuhusu figo za wanawake wazee, na ukweli wake

Mama mkubwa, mwenye miaka 75, alifungua fundo la kanga akanipa karatasi ya maabara aliyoikunja mara nne. Kreatinini 1.1, na pembeni hakuna alama yoyote ya kuonyesha imezidi. "Figo zangu nzima, mwanangu." Natamani ingekuwa hivyo.

Dhana: Kreatinini ikiwa ndani ya kiwango, figo ni nzima.

Hii ndiyo inayoniumiza zaidi. Kreatinini ni taka itokayo kwenye misuli, na figo huichuja ikatoka na mkojo. Mwanamke mzee, hasa aliyekonda, misuli yake imepungua, hivyo hata taka yenyewe ni kidogo. Figo zinaweza kuchoka na namba bado ikapendeza.

Chukua hiyo 1.1, yaani miligramu kwa desilita (maabara nyingine huandika mikromoli 97 kwa lita). Kwa kanuni ya mwaka 2021 ya kukadiria uchujaji wa figo, ile namba inayoandikwa eGFR, kijana wa kiume wa miaka 30 anapata kama 93. Mama mkubwa, kwa 1.1 ileile, anapata kama 52. Ikikaa chini ya 60 kwa zaidi ya miezi mitatu, huo ni ugonjwa sugu wa figo. Karatasi yako haina eGFR? Omba ikokotolewe. Hutolewi damu tena; umri, jinsia na kreatinini vinatosha.

Pale daktari anapotaka uhakika zaidi kipo kipimo cha sistatini C, protini ambayo haitegemei sana misuli. Nayo huyumbishwa na matatizo ya tezi ya shingo na dawa za steroidi, na si kila maabara inayo.

Dhana: eGFR chini ya 60 ni safari ya mashine ya kusafisha damu.

Hapana. Kuharisha, kukaukiwa maji, hata mlo mkubwa wa nyama, hupandisha kreatinini kwa muda, ndiyo maana kipimo hurudiwa. Na wazee wengi wenye 50 na kitu, ambao mkojo wao hauna protini, hawafiki kwenye mashine maisha yao yote.

Dhana: Damu ikishapimwa, mkojo wa nini?

Albumini, protini ya damu, inayovuja kwenye mkojo, kuanzia miligramu 30 kwa kila gramu ya kreatinini ya mkojo, inaweza kuonekana wakati eGFR bado nzuri. Mwenye kisukari au presha asiondoke bila kipimo hiki.

Dhana: Figo zikiugua, kiuno kitauma.

Mara nyingi haziumi kabisa. Kiuno cha bibi huuma kwa mifupa na misuli, naye hununua diklofenaki duka la dawa, akameza wiki baada ya wiki. Dawa hiyo hupunguza damu inayofika kwenye figo.

Dhana: Mambo ya uzazi yamepita.

Presha ya ujauzito yenye protini kwenye mkojo huongeza hatari ya ugonjwa wa figo miaka mingi baadaye. Nilimuuliza mama mkubwa. Kumbe mimba ya kitinda mimba wake ilimvimbisha uso na miguu, presha ikapanda. Hakuna aliyewahi kumuuliza. Tukaandika nyuma ya karatasi ileile, aende nayo kwa daktari.