Mgomo wa kukaa kiwandani: maana yake

Mgomo tunaoujua wengi ni wa kutoka nje: watu wanaweka zana chini, wanakusanyika getini na mabango yao. Mgomo wa kukaa kiwandani ni kinyume chake. Wafanyakazi wanazima mashine na kubaki palepale penye mashine, wala hawatoki mpaka mwajiri akubali kuzungumza nao. Wanakula humo na kulala humo, siku hata wiki. Tusiuchanganye na mgomo baridi, ambapo watu wanaonekana wako kazini lakini kazi inakwenda kwa kujikokota. Hapa mtambo umesimama na kila mtu anajua umesimama.

Nguvu yake iko pale mgomaji alipokaa. Anayetoka nje anaacha nafasi wazi, na kesho yake mwajiri anaweza kuleta wavunja mgomo, polisi wakiwafungulia njia kwa virungu. Nafasi ya aliyekaa ndani haizibiki, maana mwenyewe ameikalia. Na akitolewa kwa nguvu, mapigano yatakuwa katikati ya mashine za thamani kubwa, jambo ambalo mwenye mali analihofia sana.

Flint, mji wa magari katika jimbo la Michigan, Marekani, ndiko mgomo wa aina hii ulikopata sifa kubwa. Wafanyakazi wa General Motors walikuwa wamechoshwa na mwendo wa mstari wa kuunganishia magari: nyapara akiongeza kasi, mikono yako lazima iifuate, na ukinung'unika unafukuzwa. Wapelelezi wa kampuni walikuwa hata ndani ya chama cha wafanyakazi, UAW, kilichoanzishwa mwaka 1935. Tarehe 30 Desemba 1936 zikavuma habari kwamba kampuni inahamisha kalibu za chuma za kukandamizia bodi za magari, izipeleke kwenye viwanda ambako chama kilikuwa dhaifu. Watu wakakaa chini.

Walikaa siku 44. Walilala juu ya viti vya magari, wakaunda kamati za usafi, ulinzi na nidhamu, wakapiga marufuku pombe, na mashine wakazitunza. Nidhamu hii ndiyo ninayoiheshimu kuliko yote, kwa sababu ingeharibiwa mashine hata moja tu, serikali ingepata sababu ya kuwavamia. Chakula kilipikwa nje na wanawake na kuingizwa ndani. Tarehe 11 Januari 1937 kampuni ilikata joto, katikati ya baridi kali, na chakula kikazuiwa. Polisi wakarusha mabomu ya machozi na kufyatua risasi. Wagomaji wakajibu kwa mipira ya maji ya zimamoto na vipande vya chuma. Genora Johnson, mwanamke wa miaka 23, alishika kipaza sauti akawaita wanawake wenzake wapenye kati ya polisi waje kusimama na waume zao. Wakapenya. Hakufa mtu usiku ule.

Hakimu aliyewaamuru watoke aligundulika ana hisa za General Motors zenye thamani ya zaidi ya dola 200,000. Gavana Frank Murphy alileta askari, lakini hakuwatuma kuwatoa watu. Tarehe 1 Februari wagomaji walijifanya wanakitaka kiwanda kimoja cha Chevrolet, chapa ya magari ya General Motors, walinzi wakakimbilia huko, kumbe lengo ni kingine, cha injini. Kilipokamatwa hicho, uzalishaji wa kampuni nzima ukakauka. Tarehe 11 Februari kampuni ikatia saini mkataba wa ukurasa mmoja, ikakubali kuzungumza na UAW kwa niaba ya wanachama wake katika viwanda 17. Katika mwaka mmoja chama kilikua kutoka wanachama takriban 30,000 hadi 500,000.

Mlango wa kisheria haukukaa wazi muda mrefu. Mwaka 1939 Mahakama ya Juu ya Marekani, katika kesi ya kampuni ya Fansteel, iliamua kwamba mwajiri anaweza kuwafukuza waliokalia kiwanda chake.

Dar es Salaam, mwaka 1973, wafanyakazi wa kiwanda cha mpira cha Mount Carmel walikwenda mbali zaidi: walikitwaa kiwanda na kuendelea kuzalisha wenyewe, wakati ambapo Mwongozo wa 1971, tamko la chama tawala TANU, ulikuwa umewapa watu ujasiri wa kukataa kunyanyaswa na wakubwa wa kazi. Huko ni kutwaa kiwanda. Anayekaa tu anausimamisha mtambo, anayetwaa anauendesha.

Leo Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania, ya mwaka 2004, inakataza wagomaji kumfungia mwajiri ndani au kumzuia asiingie. Sheria hiyohiyo inamkataza mwajiri kuleta watu wa kuziba nafasi za walio katika mgomo halali. Kinga hii ya pili watu wa Flint hawakuwa nayo.