Fisi anaongea kwa lafudhi ya nani?

Kazi yangu ni kuingiza sauti za Kiswahili kwenye katuni za watoto. Studio yetu ni chumba kimoja hapa Kijenge, Arusha: kuta zimefunikwa magodoro, kuna maiki mbili, na feni tunayoizima kila tunapoanza kurekodi. Watu wakizungumzia ubaguzi kwenye katuni huanzia kwenye picha: midomo iliyotiwa chumvi, ngozi nyeusi kama masizi, nywele zilizochorwa kama kichaka. Wana haki ya kuanzia huko. Ila mimi ninayeshinda na hedifoni masikioni nina wasiwasi zaidi na sauti. Picha mbaya ikitokea, mtu ataiona na kulalamika. Sauti inapita kimya kimya, na mzazi aliye jikoni anachosikia ni vicheko vya watoto tu.

Chukua The Lion King, katuni ya Disney ya mwaka 1994. Watoto wetu huiona ni ya kwao, kwa kuwa majina ni yetu: Simba, Rafiki, Pumbaa. Fisi jike anayewaongoza wenzake anaitwa Shenzi. Mtazamaji wa Marekani anasikia jina la Kiafrika, basi. Sisi tunasikia tusi lenye historia yake, maana katika karne ya 19 waungwana wa pwani waliwaita watu wa bara washenzi, na wakoloni wakalidaka neno hilo wakalitumia kwetu sote. Sasa sikiliza sauti za hao fisi. Shenzi ni Whoopi Goldberg, Mmarekani mweusi. Banzai ni Cheech Marin, Mmarekani mwenye asili ya Meksiko. Wa tatu, Ed, hana hata neno moja, yeye ni kucheka tu.

Mtaniambia Mufasa, simba mfalme, naye ni sauti ya mtu mweusi, James Earl Jones. Ni kweli, na ndipo penyewe. Jones aliongea Kiingereza cha jukwaani, kizito, cha mtu wa kusikilizwa. Kwa hiyo kilichogawiwa pale hakikuwa rangi ya waigizaji, ilikuwa namna ya kusema: usemi wa ikulu wakapewa simba, usemi wa mitaani wakapewa fisi, wale wanaoishi mahali mwanga usipofika na ambao wakikaribishwa tu nchi inakauka. Mtoto wa miaka mitano hajui Chicago wala Los Angeles, lakini hesabu hiyo anaifanya.

Aladdin, katuni nyingine ya Disney ya mwaka 1992, ni wazi zaidi. Hadithi nzima ni ya Waarabu, lakini kijana shujaa na binti mfalme wanaongea kama Wamarekani, huku lafudhi nzito wakiachiwa wachuuzi na askari. Wamarekani wenye asili ya Kiarabu walilalamika, na mwaka 1993 maneno ya wimbo wa mwanzo yakabadilishwa kwenye kanda za video. Lafudhi hazikuguswa. Mwanaisimu Rosina Lippi-Green alihesabu wahusika 371 wa filamu 24 za Disney, akachapisha mwaka 1997: kati ya wanaoongea Kiingereza cha Kimarekani, wabaya walikuwa kama mmoja katika kila watano. Kati ya wenye lafudhi ya kigeni, wawili katika kila watano.

Haya, turudi nyumbani, maana ya Hollywood ni rahisi kuyasema.

Mteja mmoja alituletea katuni ya wanyama yenye mlinzi wa geti mwenye akili nzito. Kwenye skripti, pembeni ya jina la mlinzi, waliandika: "Kimasai." Hakuna maelezo zaidi, kwa kuwa kila mtu hapa anajua maana yake. Mstari wake wa kwanza ulikuwa, "Mimi hapana jua, mimi nalinda tu hii geti." Nilimwita kijana wa Monduli tuliyewahi kufanya naye kazi. Akausoma mara mbili, akaweka karatasi juu ya stuli.

"Dada, kwetu hakuna anayeongea hivi. Hiki ni Kimasai cha kwenye vichekesho."

Nilikaa naye tukaukagua neno kwa neno. Lafudhi ya Kimaasai ya kweli imo kwenye mkazo wa maneno na wimbo wa sentensi. Ule mstari haukuwa na hata kimoja cha hivyo. Aliyeuandika alivunja sarufi tu: katoa ukanushi wa kawaida, kavuruga upatanisho, "hili geti" likawa "hii geti." Kwa masikio ya Mswahili, upatanisho ukivunjika, akili ya msemaji nayo inaonekana imevunjika. Ndivyo tunavyomtengeneza Mhindi wa dukani pia, na "veve nataka nini" yake, wakati Wahindi niliosoma nao hapa mjini wanaongea Kiswahili cha Arusha kunizidi.

Niliona aibu, kwa sababu nimewahi kuongoza sauti za namna hiyo na nikawasifia waigizaji.

Suluhisho si kufuta lafudhi. Katuni ambayo kila mnyama anaongea kama msoma taarifa ya habari inamwambia mtoto wa Monduli kwamba sauti ya babu yake haifai kusikika. Siku hizi, kabla ya kurekodi, nachora jedwali: mhusika, kazi yake, lafudhi yake, nani anamcheka nani. Nikiona lafudhi moja imeangukia wajinga peke yao, nahamisha. Mteja alikubali baada ya simu nyingi. Mlinzi alibaki mzito wa akili, akiongea kama mimi. Daktari wa mifugo, anayeokoa ndama kipindi cha tatu, akapewa yule kijana, kwa wimbo wa sentensi za kwao na sarufi iliyonyooka.

Kipindi kinachofuata kina msichana mwenye asili ya Kihindi anayetengeneza baiskeli. Sitaki mtu mzima amwigize. Natafuta mtoto wa miaka 9 hadi 11, aliyekulia Arusha au Moshi, na asibadilishe chochote katika anavyoongea nyumbani. Majaribio ya sauti ni Jumamosi asubuhi. Mzazi anakaribishwa kukaa ndani na kusikiliza.