Je, Kiuatilifu Kikishakauka Huwa Hakina Madhara Tena?

Wakulima wengi huamini kwamba dawa ya kuua wadudu ikishakauka juu ya majani huwa imemaliza kazi yake, na kwamba nyuki, ndege na samaki hawadhuriki kwa kuwa si wao waliolengwa. Imani hiyo ina mantiki yake, maana harufu hupotea na jani huonekana safi.

Hata hivyo, kukauka si kuisha. Baadhi ya viuatilifu, hususan vya jamii ya neonikotinoidi, hufyonzwa na mmea hadi kufika kwenye chavua na nekta, kwa hiyo nyuki anayetua siku kadhaa baadaye huweza kunywa sumu ambayo haikunyunyizwa kabisa juu ya ua lile. DDT, kiuatilifu kingine, nayo hudumu udongoni kwa miaka, hujikusanya katika mafuta ya mwili, na kuzidi kila mnyama mmoja anapomla mwingine. Kwa tai na kozi, ilifanya maganda ya mayai yawe membamba kiasi cha kupasuka yakiatamiwa.

Si viuatilifu vyote vilivyo hivyo, kwani vingine huvunjika kwa siku chache, na ndiyo maana lebo ya chupa inastahili kusomwa kabla ya ushauri wa jirani: jina la kiambato amilifu (kemikali yenyewe inayoua), onyo kuhusu nyuki au samaki, na umbali wa kuacha kutoka kwenye maji. Msomaji anaweza pia kugeuza majani machache kabla ya kunyunyiza na siku mbili baadaye, akihesabu buibui. Hao hula waharibifu, na wakitoweka, vidukari, wadudu wadogo wanaofyonza utomvu wa mimea, mara nyingi hurudi wengi kuliko mwanzo.