Gari la otomatiki na kitufe cha geti: mambo ambayo kijitabu cha Kijapani hakikwambii

Kwenye meza ya karakana ninamofundisha ufundi wa magari hapa Mombasa, kuna giaboksi ya otomatiki iliyokatwa ubavu ili wanafunzi waone matumbo yake. Kila kundi jipya likija huwauliza: ukitia gia kwenye P, ile ya kuegeshea, ni nini kinacholizuia gari lisitembee? Wengi hujibu kuwa ni breki. Hapo huwaonyesha kipande cha chuma chenye ukubwa wa kidole gumba, kimeinama juu ya gurudumu lenye meno. Ukitia P, kidole hicho hushuka na kujipachika katikati ya meno mawili. Basi. Gari zima, watoto waliomo ndani na magunia ya soko la Kongowea kwenye buti, vyote vimeegemea kidole kimoja cha chuma.

Magari mengi yanayoshuka bandarini kwetu ni mitumba ya Japani, na kijitabu chake kimeandikwa Kijapani kuanzia jalada hadi mwisho. Mnunuzi anakabidhiwa ufunguo pale yadi, anaambiwa D ni mbele na R ni rivasi, anaondoka. Wako pia wanaonunua magari yaliyotoka Uingereza au kwingineko Ulaya, yenye vitufe vidogo kwenye kioo cha ndani au kwenye kinga-jua, vya kufungulia geti. Huniuliza vitufe hivyo vinatumikaje. Mambo haya mawili, gia na kitufe, yanakutana mahali pamoja: mbele ya geti la nyumbani, wakati dereva amechoka, mawazo yake yameshatangulia ndani, na gari bado liko kwenye gia.

Nimeyaona kwa macho yangu katika mtaa wa Tudor hapa Mombasa, kwenye njia moja inayoteremka kuelekea majini. Jirani alisimama mbele ya geti lake, gari likiwa kwenye D, mguu kwenye breki. Akabonyeza rimoti, geti likakaa kimya. Akafungua mlango, akachungulia nje ili ainyooshee mota ya geti rimoti yake vizuri. Alipogeuza kiuno, mguu ukatoka kwenye breki. Gari halikuruka wala kunguruma, lilitambaa tu, polepole kama mtu anayenyata, hadi pua yake ikaingia kwenye bati la geti na kulikunja. Askari wa geti alikuwa upande wa pili akikokota komeo. Aliruka kando kwa nafasi ya kiganja.

Gari la klachi, ukitoa miguu likiwa kwenye gia, huzima. La otomatiki hutambaa. Kati ya injini na giaboksi mna chombo cha mviringo kilichojaa mafuta, kiitwacho tokikonveta. Chukua feni mbili uziweke zikitazamana, washa moja: upepo wake utaizungusha ya pili ingawa haina umeme. Ndani ya tokikonveta, kazi ya upepo hufanywa na mafuta. Injini hata ikiwa inazunguka taratibu, bado inasukuma. Magari mengi ya CVT, yale yanayotumia ukanda wa chuma badala ya gia za kawaida, nayo yana chombo hicho hicho. Kwa hiyo ukisimama mbele ya geti na ukataka kufanya jambo lolote zaidi ya kungoja, hata kuokota rimoti iliyoanguka chini ya kiti, tia P na uvute handibreki kwanza.

Wala usidhani ni kosa la madereva wageni. Juni 2016, mwigizaji Anton Yelchin alifariki nyumbani kwake Los Angeles baada ya gari lake aina ya Jeep Grand Cherokee kuteremka lenyewe kwenye njia ya kuingilia na kumbana kwenye nguzo ya matofali na ua wa nyumba. Miezi miwili kabla, watengenezaji walikuwa wametangaza kuyaita magari yapatayo milioni 1.1 yenye gia ya aina hiyo, likiwemo la kwake. Tatizo lilikuwa kwamba kijiti cha gia kilirudi katikati kila ukikiachia, hivyo mkono haukuweza kuhisi kama gari limeingia P au la. Hili linatuhusu, kwa sababu magari mapya zaidi yanayofika kwetu yana gia za kuzungusha kama swichi ya redio, au za vitufe. Kwenye magari hayo mkono hautakwambia kitu. Tazama herufi kwenye dashibodi, uione P kwa macho, ndipo ufungue mlango.

Sasa turudi kwa kidole cha chuma. Ukiegesha kwenye mteremko, ukatia P na kuachia breki, gari zima hulala juu ya kidole hicho. Asubuhi ukitaka kuondoka, kijiti kinakuwa kigumu, unakivuta kwa nguvu, na unasikia “ko!” kutoka chini. Ule mlio ni chuma kikichomolewa kwenye meno huku kimelaliwa na uzito. Kikifanyiwa hivyo kila siku, ncha yake huanza kulika.

Njia ya kukiokoa ni mpangilio tu. Simamisha gari kwa breki ya mguu. Mguu ukiwa pale pale, tia N, yaani gia huru, vuta handibreki hadi ikaze, kisha legeza mguu polepole. Gari litasogea inchi moja au mbili na kutulia, na hapo ujue uzito umeshikwa na handibreki. Kanyaga breki tena, tia P, zima injini. Wakati wa kuondoka fanya kinyume: mguu kwenye breki, washa, tia D, na handibreki iwe ya mwisho kuachiwa. Ukizoea, huchukua sekunde tano.

Kwenye feri ya Likoni mpangilio huu ni lazima. Sakafu inacheza na maji, na ngazi ya kupandia ina mwinamo. Tangu Septemba 2019, gari lilipoteleza kutoka kwenye feri na kuzama na mama na binti yake, sioni sababu ya dereva yeyote kukaa pale kwenye D akiamini mguu wake. P, handibreki, injini izimwe.

Foleni ya kawaida ni jambo jingine. Pale Buxton kuelekea Daraja la Nyali, kaa kwenye D na ukanyage breki, hakuna kinachoharibika. Kinachoharibu ni kulishikilia gari kwenye mwinuko kwa kukanyaga mafuta kidogo kidogo ili lisirudi nyuma. Nguvu yote ile huishia kuchemsha oili ya giaboksi, na hali ya hewa ya pwani yetu haisaidii kuipoza. Oili nzuri ya otomatiki mara nyingi ni nyekundu na haina harufu kali. Ikiwa imegeuka kahawia na inanuka kuungua, mwone fundi kabla gia hazijaanza kuteleza. Na tafadhali, oili ya CVT na oili ya otomatiki ya kawaida si kitu kimoja. Fundi akikwambia “zote ni sawa, mama”, chukua ufunguo wako uondoke. Nimefungua giaboksi za CVT zilizomiminiwa oili isiyo yake, na ukanda uliokwaruzika haurudi kuwa mpya.

Wapo pia wanaotia N wakishuka kutoka Mazeras kuelekea Miritini, eti waokoe petroli. Hesabu yao iko kinyume. Kwenye injini za kisasa, ukitoa mguu kwenye mafuta gari likiwa kwenye D na likiteremka, kompyuta hukata petroli kwa sababu magurudumu ndiyo yanayoizungusha injini. Ukitia N, injini inalazimika kuchoma petroli ili isizime, na breki zinabaki peke yake kulishika gari huku malori yamekuandama nyuma. Mteremko mrefu ushuke kwenye gia za chini, 2, L au S, na kwa magari ya haibridi tumia B. Utasikia injini ikipandisha sauti. Usiogope, inakusaidia kushika gari.

Kuna simu ninazopigiwa mara kwa mara, na ya mwisho ilitoka kwa mama mmoja aliyekuwa kwenye maegesho ya duka huko Nyali.

“Mwalimu, gari limegoma. Injini yawaka vizuri, lakini gia haitoki kwenye P.”

“Pole, mama. Kanyaga breki, na umwombe mtu asimame nyuma akutazamie taa.”

Kimya kidogo. “Asema haziwaki hata moja.”

Hapo jibu lilikuwa limeshapatikana. Gari la otomatiki haliruhusu utoe gia kwenye P mpaka lijue umekanyaga breki, na hulijua hilo kupitia swichi ile ile inayowasha taa za breki. Fyuzi ikiungua, au swichi ikifa, taa zinazima na kijiti kinafungwa pamoja. Kwa dharura, magari mengi yana kifuniko kidogo kando ya kijiti cha gia. Kiondoe, vuta handibreki, kanyaga breki, chomeka ncha ya bisibisi ubonyeze, na kijiti kitatoka. Lakini usilipeleke gari hilo barabarani bila taa za breki. Fyuzi ni ya bei ndogo.

Gari la otomatiki lililoishiwa betri halisukumwi likawaka, kwa hiyo msiwachoshe vijana. Na likiharibika, likokotwe magurudumu yanayoendeshwa na injini yakiwa yameinuliwa. Pampu ya oili huzungushwa na injini. Injini ikizima, giaboksi huzunguka kavu.

Sasa kitufe. Mfumo uliozoeleka zaidi unaitwa HomeLink, ambao tangu 2013 uko mikononi mwa kampuni ya Gentex ya Michigan, Marekani. Huko hutumika kufungua mlango wa chumba cha gari. Kwetu gereji ni mahali pa fundi, na kinachofunguliwa ni geti la uani. Kabla hujahangaika, hakikisha kitufe ulicho nacho ni chenyewe. Magari ya Japani mara nyingi huja na kisanduku cha kulipia barabara za kwao, kile kinachokusalimu kwa Kijapani ukiwasha gari. Hicho hakina uhusiano na geti lako hata ukikibonyeza mpaka magharibi. Na kitufe chenye maandishi SOS ni cha kuomba msaada.

Rimoti nyingi za mageti yetu hutumia masafa ya megahezi 433.92, ambayo ndiyo ya Ulaya pia, kwa hiyo gari lililotoka Uingereza huelewana nazo kwa urahisi. La Marekani huenda likawa limezoea 315 au 390, na linaweza kukataa. Kulifundisha gari, shika rimoti ya geti sentimita 3 hadi 8 kutoka kwenye kitufe, ubonyeze vyote viwili kwa pamoja mpaka taa ndogo ibadilishe mwendo wa kumeta. Ikiwa geti ni la zamani lenye namba ya siri isiyobadilika, kazi imekwisha. Geti la kisasa hubadilisha namba kila mara, kama askari na mwenye nyumba waliokubaliana neno la siri la kila usiku, ili mwizi aliyelisikia la jana asifaidike nalo leo. Geti hilo linahitaji hatua ya pili: bonyeza kitufe cha kujifunza kwenye mota yenyewe, kisha rudi garini ubonyeze kitufe chako mara mbili tatu. Una kama sekunde 30, hivyo awepo mtu mmoja penye mota na mwingine garini. Gari liwe kwenye P, handibreki juu, na injini imezimwa ikiwa mko ndani ya chumba kilichofungwa, maana moshi wake una gesi inayoua bila harufu.

Kabla hujalikabidhi gari funguo za geti, lijaribu geti lenyewe. Weka katoni tupu kwenye njia yake, ulifunge. Likigusa katoni na kurudi nyuma, au jicho la pembeni likiliona na kulisimamisha, sawa. Likiiponda, usiliunganishe na gari lolote mpaka lirekebishwe. Marekani sheria ilidai vifaa vya kinga vya aina hiyo kwa milango ya vyumba vya magari kuanzia 1993, baada ya watoto kupoteza maisha. Watoto wetu nao hucheza getini. Kwa sababu hiyo pia usibonyeze kitufe ukiwa kona ya mbali ili ukute geti limeshafunguka. Bonyeza ukiliona, na ukitoka, ngoja mpaka lijifunge kabisa ndipo uondoke.

Kitufe hicho ni ufunguo wa nyumba yako, nao hukaa ndani ya gari unalomwachia mwosha magari na fundi. Ukiuza gari, futa kumbukumbu ya vitufe. Kwenye HomeLink, bonyeza vile viwili vya pembeni kwa pamoja, sekunde 10 hadi 20, mpaka taa ianze kumeta. Futa pia anwani ya nyumbani kwenye ramani ya gari, na mwambie fundi wa geti aliondoe gari hilo kwenye kumbukumbu ya mota. Ukiwa ndiwe mnunuzi, futa ya mwenzako kabla hujaingiza yako. Na wewe unayeuza, ukishafuta, simama mbele ya geti lako, handibreki juu, ujaribu kila kitufe kimoja kimoja. Geti likikaa kimya kwa vyote, umefuta.