Taa za nje zikizingua usikimbilie balbu

Mvua zikianza tu utasikia, taa ya geti haiwaki, mtu anaenda dukani ananunua balbu, anafunga, kimya, anaanza kulaumu balbu feki. Feki zipo kweli lakini ifunge kwanza hiyo ya zamani sebuleni, ikiwaka ujue ugonjwa sio balbu, uko kwingine, mfano kwenye waya huko nje.

Sasa kuna hii ndo inaniudhi zaidi, eti breka ikikata kila mvua ikinyesha basi breka mbovu, "fundi iruke tu", yani umeme upite bila kupitia breka. Jamani! Ile yenye kitufe cha testi haiangalii umeme unatumia mwingi kiasi gani, inaangalia unaovuja kwenda ardhini, na za majumbani nyingi zinakata kwenye miliampia 30 au chini kidogo. Yani maji yameshaingia kwenye holda au kwenye kiungo cha waya, ukiiruka geti la chuma linaweza kukaa na umeme na wa kwanza kulishika ni mtoto anayetoka shule. Halafu watu wanazima swichi ya taa za nje, breka bado inakata, wanasema basi sio taa za nje. Sio lazima, swichi inakata waya wa moto peke yake, nyutro (waya unaorudisha umeme) ikigusana na asi (waya wa ardhini) huko kwenye maji breka inaweza kukata vilevile, mpaka fundi azitoe nyaya zote mbili, ya moto na nyutro, ndo utajua.

Na kiungo kilichozungushiwa tepu nyeusi kikafukiwa chini ya maua hakijazibwa, maji yanapita tu, kinatakiwa boksi la kuzuia maji.

Tesita, ile bisibisi ya kupimia umeme, kuwaka nako kunadanganya. Inakuonyesha moto upo, nyutro ikiwa imekatika njiani tesita itawaka vizuri tu na taa haiwaki.

Ile LED inayobaki na kamwanga hafifu ukishazima wengine wanasema ni jini, mara nyingi fundi kaweka swichi kwenye nyutro badala ya moto, kwa hiyo holda ina umeme hata ukizima, usibadilishe balbu kabla hujazima mein swichi. Waya mrefu nao huleta kamwanga hako, hiyo sio hatari sana.

Taa ya fotoseli, kile kijicho kinachoiwasha giza likiingia, inayowaka na kuzima usiku kucha? Mwanga wa taa unaimulika fotoseli yenyewe, igeuze tu fotoseli. Mimi nilishanunua mbili nyingine kabla sijajua.